Kidole cha Ijumaa

Mama,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo wote, majirani wa pande zote nne na wale kuku wako wawili waliobaki, napenda kukutangazia rasmi kwamba kifuniko cha chupa ya chai kimepatikana.

Naomba uipokee habari hii ukiwa umekaa. Ni kile kifuniko cha juu cha ile chupa nyekundu yenye maua, kile kinachogeuka kikombe. Miaka mitatu ulinishtaki kwa ajili yake. Ulinishtaki mezani, ukanishtaki kwa mke wangu Resti, ukafika hatua ya kunishtaki kwa fundi aliyekuja kuziba bomba la jikoni, mtu ambaye hakuwa ameuliza chochote. Ulidai nilikipeleka kazini nikakisahau kwenye gari la kufundishia. Ukasema mtu anayefundisha watu udereva mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwenyewe hana hata baiskeli, huyo kupoteza kifuniko kwake ni jambo dogo. Nilijitetea mpaka nikachoka. Mwisho nikakiri kosa nisilolifanya, ili tunywe chai kwa amani.

Kilikuwa kwa Bi Mwanaidi, Mama. Kilikuwa juu ya kijikabati kando ya kitanda chake, amewekea vifungo na sindano. Nilipokiona nilisimama katikati ya chumba kama askari aliyekuta pikipiki iliyoibwa. Nikamwuliza kimefikaje pale. Akanijibu bila hata kugeuza kichwa, "Mama yako alikisahau. Nikamwambia akichukue, akasema atarudi nacho vipi nyumbani, na keshamtwika Damiani lawama."

Kumbe ulijua.

Miaka yote ile unamimina chai kwenye kikombe cha plastiki, unahema, unanitazama, na ulikuwa unajua. Nilicheka mpaka Bi Mwanaidi akaniuliza kama nimekula. Kisha, nikiwa njiani kurudi nyumbani, kicheko kikakatika, maana nilikumbuka kwamba mie nami ninalo la kwangu, na la kwangu si la kifuniko.

Unalijua. Siku ya kukuzika nilisoma wasifu wako kwenye kipaza sauti, padre amesimama kulia kwangu, jumuiya nzima mbele yangu, nikasema kwamba dakika ya mwisho uliinua kidole, ukatubariki, ukalala. Kidole uliinua, ndiyo. Kubariki, hukubariki. Hilo tulilijua watu wawili, na mmoja ndiye tuliyekuwa tunamfukia. Jana umetimiza mwaka, Mama, na jana hiyo hiyo nilitakiwa nisimame niirudie habari ile ile mbele ya watu wale wale na wengine zaidi. Nitakueleza ilivyokwenda. Ila kwanza niache nikupe habari za hapa, kwa sababu najua ungeuliza kuku kabla ya roho yangu.

Kuku ni wawili, wazima. Wenzao tuliwala kwenye msiba wako. Resti amehamia kwenye nafasi yako kanisani, benchi la tatu upande wa kushoto, karibu na nguzo. Jumapili ya kwanza alisema ni kwa ajili ya kukwepa upepo wa feni. Hatumwulizi tena. Barabara yetu ya hapa Yombo imewekwa lami mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, ikaishia hapo hapo, kama vile mkandarasi aliitwa kula akasahau kurudi. Na ule mpapai wako uliosema hautazaa kamwe, umezaa. Umezaa mapapai manne madogo, magumu, yasiyo na utamu wowote, lakini tumeyala kwa heshima.

Sasa wagonjwa wako.

Wiki ya tatu baada ya msiba, Resti alifungua lile kabati la vyombo akaniita. Ndani ya mlango ulikuwa umebandika karatasi, kwa mwandiko wako ule unaoegemea mbele kama watu wanaopanda mlima. Majina saba. Mzee wa kule relini: uji usiwe na sukari, atakuomba, usimpe. Yule mama wa karibu na kisima: mguu wa kushoto, na asiulizwe habari za mwanae. Bi Mwanaidi: Ijumaa kabla ya saa tano, kucha na nywele, apewe nafasi ya kubishana.

Nilikaa chini jikoni nikaisoma karatasi ile kama barua. Mama, miaka yote hiyo nilipokuwa nikikuona unatoka na kikapu, kitenge cha akina mama kiunoni na rozari shingoni, nilidhani unakwenda kusali. Nilikuwa nawaambiaga watu, mama yangu ni mtu wa sala sana, hashindi nyumbani. Sikujua kwamba nusu ya sala yenyewe ilikuwa kukata kucha za watu.

Nikasitasita. Nilijiambia zile ni kazi za wanawake, nikajiambia nina kazi, nikajiambia mengi. Ndipo ukaja ujumbe kutoka Tandika, umeletwa na binti wa jirani, umeshikwa kwa moyo neno kwa neno: "Mwambie Damiani pole nimeshampa, arobaini imepita, sasa uji wangu uko wapi."

Unamjua Bi Mwanaidi kuliko ninavyomjua, lakini niache nikusimulie mtu wako. Mjane wa Mwarabu wa duka la vitambaa, miguu imemgomea, mdomo haujamgomea. Nilikwenda Ijumaa. Uji nilipika mwenyewe, kwa sababu Resti alisema kama ni urithi basi niurithi wote. Bi Mwanaidi aliuonja, akaushikilia mdomoni kidogo kwa adabu, akaumeza. Kisha akaniuliza kama huu ni uji au ni ugali uliokata tamaa. Nikamwambia ni mabonge machache tu, bibi. Akasema, machache anayaona, ila hayo mengine yaliyojificha chini ndiyo yanayomtia hofu.

Halafu akanyoosha mkono nikate kucha. Mikono yangu hii inayovuta breki mchana kutwa ikashika wembe kama mwanafunzi anavyoshika usukani siku ya kwanza. Alikuwa na tasbihi kwenye mkono mwingine, anaivuta taratibu, haniangalii. Akaniambia siku ile ya Ijumaa uliyofariki alikaa akikungoja mpaka adhuhuri, na alikuwa amekasirika. Alikuwa ameandaa maneno ya kukuambia. Habari zilipofika alikuwa bado na hasira, ikabidi aitafutie pa kuiweka.

Tangu siku hiyo naenda kila Ijumaa. Na utacheka ukisikia uji unasafirije siku hizi. Unakwenda kwa gari la kufundishia, lile lenye L nyekundu mbele na nyuma. Nilimwambia bosi kwamba hakuna mtu anayeweza kusema anajua gari mpaka apite vichochoro vya Yombo na sufuria ya uji kwenye kiti cha nyuma bila kuumwaga. Bosi akaona ni mbinu mpya ya ufundishaji, akanisifu mbele ya wenzangu. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi utamkuta mama mmoja muuza vitenge, mwanafunzi wangu, ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na nyuma yake sufuria imefunikwa na kanga yako. Kwa mzee wa relini kuna kona mbaya. Wanafunzi watatu wameshazimikiwa gari pale, na mzee hutoka nje kuwaelekeza, ingawa maishani mwake hajawahi kushika usukani. Bi Mwanaidi anasema anatujua kwa mlio wa gia, na kwamba kabla hatujafika huwa keshawaombea watoto wote waliopo barabarani.

Si mie peke yangu. Resti amemchukua yule mama wa kisimani. Mzee Kapinga, mwenyekiti wetu wa jumuiya, naye ana wawili. Unamkumbuka alivyokuwa akisema yeye kazi yake ni kuongoza vikao. Sasa anaosha vyombo vya watu. Majina yote saba yana mtu, Mama, na mwezi uliopita Resti aliongeza la nane kwenye karatasi ile ile, kwa mwandiko wake uliosimama wima kama askari.

Sasa nije kwenye kidole.

Niseme kwanza kwamba sikutarajia kifike mbali. Nilidhani maneno ya makaburini huishia makaburini, watu wanapukuta udongo kwenye viatu na kwenda kula. Lakini Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwetu, na walipomaliza Mzee Kapinga akasimama akasema, tufunge kama alivyofunga mwenzetu. Akainua kidole juu. Watu wote wakainua. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikashukuru Mungu kwamba mikono yangu ilikuwa na kazi.

Jumamosi iliyofuata, tena. Baada ya miezi miwili ikawa desturi. Watoto wa mafundisho wakaanza kuinua vidole baada ya kila sala, hata ya chakula. Jumuiya ya jirani wakaiga, wao wakaanza kuinua viwili, pakatokea maneno kidogo. Padre mpya, kijana mpole sana, aliuliza kwa upole hii ni desturi ya wapi. Akaambiwa ni ya Mama Damiani, na kwamba shahidi yupo, ni mwanae, mwalimu wa udereva. Ndipo padre akasema jambo zuri kama hilo shahidi alisimulie mwenyewe kwenye misa ya mwaka. Akina mama nao wakaunda kamati ya fulana. Fulana nyeupe, Mama, zenye picha ya mkono na kidole kimoja juu. Waliniomba nichague kama kidole kiwe cha mkono wa kulia au wa kushoto. Niliomba muda wa kufikiri. Nilifikiri miezi minne.

Ningesema nini? Wewe ndiye uliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa huu kwa ajili ya Komunyo ya kwanza. Nilikuwepo, nilikua humo, chini ya meza yako. Mtoto akikosea sala hukumkatiza kwa sauti kama walimu wengine. Uliinua kidole taratibu mpaka usawa wa sikio, ukangoja. Mtoto anakiona kidole, anasimama, anarudi nyuma kutafuta alipopotea. Wengine walikuwa wakilia kabla hujasema neno. Mie nilikiona kidole hicho kuliko mtoto yeyote wa Temeke.

Na uliniitaga Mkatoliki wa Jumamosi. Sikupenda, lakini ulikuwa na haki. Jumuiya inasali Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, na siku nyingine hunipati. Tena hata hiyo Jumamosi nilikuwa nachunguza kwanza ni nyumba ya nani na wanapikaga nini. Rozari ya Jumamosi ni ya matendo ya furaha. Siku nyingine zina matendo yake, ulinieleza tangu sijaota meno ya mbele, lakini nilichokisikia wiki hadi wiki kwa zaidi ya miaka arobaini ni furaha tu, na hiyo ndiyo iliyonibaki kichwani. Mwana wa mwalimu wa dini akawa anajua robo ya rozari. Uliwahi kusema mbele ya wageni kwamba mwanao huyu amebahatika, dini yake haina uchungu.

Basi Ijumaa moja, mwezi mmoja kabla ya misa, nikiwa nakata kucha za Bi Mwanaidi, nikamsimulia habari za fulana. Nilifikiri nitamchekesha. Hakucheka. Tasbihi ikasimama. Akaniuliza hicho kidole kiliinuliwa vipi. Nikamwonyesha. Akaniangalia kwa macho yake yale ya dukani, ya kupima kitambaa.

"Miaka ishirini na mbili namjua mama yako," akasema. "Hakuwahi kuinua kidole ila mtu amekosea. Ulikosea nini, Damiani?"

Nikamweleza. Wa kwanza kuambiwa alikuwa yeye, Mama, si padre wala Resti. Nilimweleza yote, na nilipomaliza alicheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi nimpe maji, mpaka machozi. Alipopata pumzi akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema neno ambalo limenikaa mpaka leo. Alisema, "Sasa umenirudishia shoga yangu. Yule wa kubariki watu kwa kidole nilikuwa simjui. Mwaka mzima nimemlilia mtu nisiyemjua."

Ile ilinipiga. Nilirudi nyumbani bila kumrekebisha mwanafunzi hata mara moja, na aligonga ndoo ya watu.

Jana, basi. Turubai tulifunga Ijumaa jioni. Wali ulipikwa na kamati, fulana hazikuchapwa kwa sababu mhusika alikuwa bado anafikiri. Watu walijaa mpaka kwa jirani. Bi Mwanaidi alikuja, Mama. Tulimleta kwa gari la L, na nilishika usukani mwenyewe kwa heshima yake, na bado alisali njia nzima. Tukamweka kwenye kiti chako cha mbao, chini ya mpapai, na akakaa pale misa yote, kimya, tasbihi mkononi, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Baada ya Komunyo padre akaniita. Nilikuwa na karatasi. Miwani pia nilikuwa nayo safari hii. Nikaangalia mbele nikaona wale watoto wa mafundisho wamekaa kwenye mkeka, vidole tayari mapajani. Nikakunja karatasi.

Niliwaambia kwamba mwaka jana makaburini nilisema jambo ambalo halikuwa hivyo. Niliwaambia mama hakutubariki. Niliwaambia nilikuwa naongoza rozari, nikasali ya Jumamosi siku ya Ijumaa, na mama yangu, akiwa kwenye kufa, akainua kidole kunirekebisha. Nikasema nisameheni, niliona aibu. Maneno hayo tu. Yalikuwa mafupi kuliko nilivyoyaogopa.

Nilisikia kuku. Mzee Kapinga alikuwa ameinamisha kichwa na nikajua amekasirika, maana yeye ndiye aliyekiinua kidole hicho kila Jumamosi mwaka mzima. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kikao, nilikuwa nimefika tendo la ngapi.

Nikasema la pili.

"La Bikira Maria kumtembelea Elizabeti," akasema, polepole, si kwangu. Akageuka akawatazama akina mama waliokuja na vikapu vyao vya kutembelea wagonjwa, akamtazama Bi Mwanaidi. Resti alikuwa amejifunika uso kwa kanga, na sikujua kama analia, mpaka nikaona mabega. Alikuwa anacheka. Kicheko kile kikatoka kwake kikaenda kwa wa pembeni yake, kikazunguka turubai zima, na ndani yake kulikuwa na watu wanalia. Nikasikia mtu nyuma akisema ndiye huyo, ndiye yeye kabisa. Mwingine akaanza kusimulia jinsi ulivyomwinulia kidole siku ya harusi yake, altareni, alipokosea jina la bwana harusi. Padre naye alitazama chini kwenye vitabu vyake muda mrefu kuliko kawaida.

Mzee Kapinga akasubiri watulie. Kisha akainua kidole. Safari hii si juu kuelekea mbinguni, Mama. Alikiinua taratibu mpaka usawa wa sikio.

"Leo siku gani?" akauliza.

Watoto wakajibu kwa pamoja, Jumamosi.

"Basi Damiani aongoze," akasema. "Hii ndiyo anayoijua."

Nikaongoza. Bila kitabu. Matendo matano ya furaha, mwanzo mpaka mwisho, na sikukosea hata neno. Wamekubaliana kwamba kuanzia sasa kila rozari itaanza hivyo: anayeongoza atainua kidole, atauliza leo siku gani, wote watajibu, ndipo waanze. Jumuiya ya vidole viwili wameomba wapewe maelekezo. Wakati wa kula, Bi Mwanaidi aliniita pale kwenye kiti, akanipa kile kifuniko. Akasema kesi zote mbili zimekwisha siku moja, nikirudishe kwenye chupa yake.

Sasa nimebaki na jambo moja, na hili sikulisema jana. Nilitoa kosa mbele ya watu, hilo lilikuwa lao. Haya yaliyobaki ni yako, kwa sababu mwisho wake hukuuona.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ile uliyotuacha. Resti alikuwa ameenda kuchukua dawa. Ulikuwa umeshapata mpako wa wagonjwa tangu Jumatano, na ulikuwa mtulivu, mdogo sana kwenye kitanda kile. Ulinipa rozari yako ukaifunika kwa kiganja changu, maana yake nianze. Niliona haya kukuambia sijui za leo. Miaka hamsini na moja, mbele ya mama yangu, niliona haya. Nikaanza nilichokuwa nacho. Malaika Gabrieli akampasha Maria habari. Ulikuwa unanitazama, na nikadhani ni upendo. Huenda ulikuwa upendo. Huenda ulikuwa unajipa muda, kama ulivyowapa watoto, uone kama nitajigundua mwenyewe.

Nikaingia tendo la pili. Nilikuwa kwenye Salamu Maria ya tatu nilipoona kidole kinatoka chini ya blanketi. Kilipanda polepole mno. Hakikufika sikioni, kilifika kifuani. Ukasema, "Leo Ijumaa."

Nikasema samahani, Mama. Ukashusha kidole, na kikatua juu ya mkono wangu. Nikachukua kitabu chako cha sala chini ya mto, nikaanza kutafuta ukurasa. Miwani nilikuwa nimeiacha kwenye gari. Nilikishika kitabu mbali, nikakigeuzia dirishani, nikawa nafumba jicho moja, napekua, mwanao, mwalimu, hadi nikaupata. Nikasoma tendo la kwanza la uchungu, Yesu kutokwa jasho la damu. Nilipoinua macho kukuuliza kama sasa ni sawa, ulikuwa umeshaondoka.

Kwa hiyo jambo la mwisho nililokufanyia hapa duniani lilikuwa kukosea, na neno lako la mwisho kwangu lilikuwa kunirekebisha. Ndicho nilichokificha kwa kipaza sauti. Si kwamba nilitaka kukufanya mtakatifu. Niliogopa watu wajue uliondoka ukiwa na kazi ambayo haijaisha, na kazi yenyewe ni mie.

Lakini sikumwita mtu, Mama. Sikukimbilia simu. Nilikaa pale, kidole chako juu ya mkono wangu, nikaendelea. Nilisoma kwa jicho moja, nikipotea mstari, nikirudi. Jasho la damu, mijeledi, taji ya miiba, msalaba, kufa. Salamu Maria hamsini. Mwishoni sauti haikuwepo, nilikuwa natembeza midomo tu. Resti alipoingia na dawa nilikuwa kwenye ile ya mwisho kabisa. Nilimaliza. Ya Ijumaa, siku ya Ijumaa, yote.

Tangu wakati huo nimejifunza za Jumatano na Jumapili pia. Za Alhamisi bado nachanganya la tatu na la nne, lakini nakuahidi, mpaka Krismasi zitakuwa zimekaa. Na Bi Mwanaidi atakuwa na kucha fupi kila Ijumaa, maadamu gari la L lina matairi.

Pumzika, Mama. Chupa iko mezani, imefunikwa na kifuniko chake, na hakuna anayeshtakiwa. Resti ananiita, tunataka kuanza. Leo Jumapili, ni za utukufu. Nitakwenda polepole, na kidole chako kikae karibu.

Mwanao,
Damiani